Tony Soprano na Jamaa Zake: Nani Aliyekula Nyama?



Leo nataka kuzungumza juu ya Mafia, na kabla watu wa Kilindoni hawajanirukia, naharakisha kusema kwamba sikusudii kile kisiwa chetu kilicho mbele ya Rufiji. Nakusudia Mafia ya Wataliani wa Marekani, na hasa bwana mmoja wa kubuni aitwaye Tony Soprano, bosi wa majambazi katika mchezo wa televisheni uitwao The Sopranos. Wengi wetu huku ughaibuni tumeuona, wengine wameusikia tu, na wako waliotazama dakika kumi wakazima kwa sababu ya matusi na wanawake walio uchi. Siwalaumu. Huo si mchezo wa kuutazama pamoja na wakwe.

Lakini kuna neno moja nalisikia kila mara mchezo huu unapotajwa, kwamba eti ni wa kuwasifu majambazi. Mie naona watu hawakuutazama mpaka mwisho. Kwa maoni yangu ni mchezo unaouliza swali ambalo babu zetu walilijua vizuri sana: mtu akileta nyumbani chumo la haramu, mke na watoto wakala wakashiba, dhambi ni ya nani? Hebu nieleze kwa taratibu. Ambaye hajauona na anataka kuuona aachie hapa, maana nitataja wanaokufa.

Kwanza, nani ni nani

Mchezo ulianza kuonyeshwa na HBO tarehe 10 Januari 1999 na ukamalizika tarehe 10 Juni 2007. Ni misimu sita, sehemu 86. Aliyeubuni ni David Chase, mtu wa asili ya Kitaliani aliyekulia New Jersey. Tony amechezwa na James Gandolfini, jitu la miraba minne lenye macho ya huzuni, ambaye alifariki kwa maradhi ya moyo mjini Rome mwezi Juni 2013, akiwa na miaka 51.

Tony anaishi North Caldwell, New Jersey, kwenye jumba kubwa lenye bwawa la kuogelea. Ukimuuliza kazi yake, atakwambia ni mshauri katika biashara ya takataka. Kazi yenyewe ni kamari, mikopo ya riba, malori yanayotekwa, na mikataba ya ujenzi ambayo watu wake hulipwa mishahara bila kushika hata koleo. Pesa hupanda kama moshi. Askari wa chini humpelekea kapteni wake, kapteni humpelekea bosi, kila mmoja na bahasha yake. Bosi naye ana mshauri wa karibu, hapa ni Silvio Dante. Anayechelewesha bahasha hutembelewa.

Nyumbani ana mke, Carmela (Edie Falco), binti yake Meadow, na mwanawe wa kiume Anthony mdogo, wanayemwita A.J. Yuko pia mama yake Livia, dada yake Janice, ami yake Junior, na kijana Christopher Moltisanti, jamaa wa upande wa Carmela ambaye Tony humwita mpwa na kumlea kama mrithi wake.

Jamaa wa damu na jamaa wa kazi

Kwa wale wanaojishughulisha na tafsiri hapa, kuna jambo zuri. Kwa Kitaliani na kwa Kiingereza, neno familia hubeba mambo mawili katika mchezo huu: mke na watoto, na pia genge. Kila mwandishi wa magazeti amelichezea neno hilo. Sisi Waswahili tunalo letu siku nyingi, nalo ni jamaa. Ukisema "jamaa yangu amefariki," watu watakupa pole na kuuliza maziko saa ngapi. Ukisema "kuna jamaa wawili walikuja kukuulizia jana usiku," unaanza kutafuta mlango wa nyuma. Neno ni lile lile.

Tony anaamini kwamba hizi jamaa mbili zinaweza kutenganishwa. Huku ni kazi, kule ni nyumbani. Huku anavunja watu miguu, kule anachoma soseji uani na watoto. Mchezo mzima ni hadithi ya ukuta huo unavyobomoka.

Sehemu moja ya mwaka 1999, ambayo wengi huiona ndiyo iliyoufanya mchezo uwe na jina, inaonyesha hivyo bila maneno mengi. Tony anampeleka Meadow Maine kutazama vyuo. Garini binti anamuuliza baba yake waziwazi kama yumo katika Mafia. Kwanza anakataa, anakasirika. Halafu anakubali nusu: labda baadhi ya pesa zake zinatokana na kamari isiyo halali. Baba na mtoto wanafurahi kwamba angalau wamesemeshana ukweli. Katika safari hiyo hiyo Tony anamwona mtu aliyewahi kulisaliti genge akajificha huko, anamfuata, na anamnyonga kwa waya kwa mikono yake mwenyewe. Kisha anamrudia bintiye chuoni, na viatu vina tope. Binti anaona kwamba kuna kitu, anauliza, anadanganywa, na wote wawili wananyamaza. Huo ukimya ndio kiini cha mchezo.

Na si wasomi tu waliojiona humo. Mwezi Machi 1999, vinasa sauti vya FBI viliwanasa watu wa DeCavalcante, genge la kweli la New Jersey, wakiulizana kama hao wanaoonyeshwa kwenye televisheni ni wao!

Mama asiye na radhi ya kutoa

Mchezo unaanza kwa kichekesho. Bata wa mwituni wamekuja kuzaa katika bwawa la Tony. Yeye, jambazi mzima, anaingia majini na kanzu yake ya kuogea kuwalisha. Siku wale bata wanaruka na kuondoka, anashikwa na hofu ya ghafla, pumzi zinambana, anaanguka na kuzimia. Madaktari hawaoni ugonjwa. Anapelekwa kwa daktari wa maradhi ya akili, Jennifer Melfi (Lorraine Bracco), mwanamke wa asili ya Kitaliani kama yeye. Inabidi aende kwa siri, maana bosi anayekwenda kumwaga ya moyoni kwa daktari anaweza kuuawa kwa hilo peke yake.

Na anakaribia kuuawa kweli, na anayechochea ni mama yake mzazi. Hapa ndipo Mswahili anashika kichwa. Sisi tumelelewa kuambiwa kwamba radhi ya mama ni ngao, kwamba mama hata akikasirika kuna mahali moyo wake utasita. Livia hasiti. Tony amempeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee, mahali pazuri na pa gharama, lakini yeye anaona ametupwa. Basi anamtilia maneno Junior, ami yake Tony: kwamba mwanawe anakwenda kwa daktari wa akili, kwamba makapteni wanakutana kwa siri. Hasemi "muue." Anasema tu, halafu analalamika kwamba yeye ni kikongwe, hajui kitu, kumbukumbu zimemwisha. Junior anatuma watu. Tony anaponea chupuchupu.

FBI wanamsikilizisha Tony kanda zenye sauti ya mama yake. Anakwenda na mto mkononi ambao bila shaka hakuubeba wa kulalia, na anamkuta mama kapatwa na kiharusi, yuko juu ya kitanda cha magurudumu, na Tony anaapa kwamba anacheka. Aliyemcheza Livia, Nancy Marchand, alifariki mwaka 2000 na mhusika wake ikabidi afe pia. Chase mwenyewe ameeleza kwamba Livia alitokana na mama yake mzazi. Labda ndiyo maana yule bibi ana uhai kuliko maiti zote za mchezo ule.

Nyama ya bure

Sasa nafika kwenye kile nilichokitia katika kichwa cha habari. Katika msimu wa tatu, mwaka 2001, Melfi anamsaidia Tony kukumbuka mara ya kwanza alipozimia. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi. Alimfuata baba yake mpaka duka la nyama la Satriale, na akachungulia. Akamwona baba yake anamkata yule mwenye duka kidole cha mwisho kwa sababu ya deni. Baadaye baba akamweleza kwa upole, kama wazazi wanavyoeleza, kwamba yule bwana alikuwa mcheza kamari asiyelipa.

Jioni ile nyumbani kulikuwa na nyama nzuri, ya bure kutoka Satriale. Mama Livia, ambaye siku zote uso umemvimba, siku hiyo alikuwa na furaha. Baba akamshika kiuno, wakacheza, wakaimba, nyama inakatwa mezani. Mtoto akatazama nyama, akawatazama wazazi, akaanguka.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoufahamu mchezo huu. Yule mtoto hakuzimia dukani alipoona kidole kinakatwa. Alizimia mezani, alipoona kwamba kidole kile kimegeuka chakula, na chakula kimegeuka mapenzi kati ya baba na mama, na yeye pia sahani yake imewekwa. Akila, keshaingia. Asipokula, hana wazazi.

Akakua, akala. Lakini mwili wake haukukubali kamwe, na ule ugonjwa wa kuanguka ndiyo dhamiri pekee aliyobakiwa nayo. Na anataka daktari amponyeshe hiyo!

Carmela aliambiwa

Mtu ninayemhofia zaidi katika mchezo si Tony, ni Carmela, kwa sababu anafanana na watu tunaowajua. Anasali, anapika, anawajali wagonjwa, anampenda padri wake. Anajua mumewe anafanya nini na ana mahawara wangapi. Mwaka huo huo wa 2001 anakwenda kwa daktari wa akili mwingine, mzee wa Kiyahudi aitwaye Krakower. Mzee yule hampi dawa wala hambembelezi. Anamwambia amwache mumewe, achukue watoto waliobaki kuokolewa, aondoke. Anakataa hata ada yake, kwa kuwa pesa ile ina damu, na anamkumbusha kwamba kuanzia siku hiyo hawezi kusema hakuambiwa.

Carmela anafanya nini? Anarudi nyumbani, analala kwenye kochi, halafu anamlazimisha Tony atoe dola 50,000 kukipa chuo cha Meadow. Pesa ile ile ya damu imekuwa sadaka. Nani kati yetu hajaona msikiti au kanisa lililojengwa hivyo?

Mwishoni mwa 2002 anamfukuza mumewe kweli, kwa sababu ya wanawake. Mwaka 2004 anamrudisha, na sharti lake ni dola 600,000 za kununua kiwanja ili ajenge nyumba ya kuuza. Sehemu ile ile anayorudi kwa mumewe ndiyo anayouawa Adriana, mchumba wa Christopher, msichana aliyebanwa na FBI mpaka akawa mpasha habari wao. Silvio anampeleka porini akidhani anapelekwa hospitali. Na sehemu inamalizikia kwa Tony na Carmela wakiwa kwenye kile kiwanja chao kipya, chenye miti, majani yameanguka. Mtazamaji ametoka kuona miti kama ile sasa hivi.

Baadaye Carmela anaanza kujiuliza Adriana alikwenda wapi. Anataka hata kuajiri mpelelezi. Ujenzi wake wakati huo umesimamishwa na mkaguzi wa majengo kwa sababu mbao ni mbovu. Tony anamwona mkaguzi, kibali kinatoka, mafundi wanarudi kazini, na Adriana anasahauliwa. Hakuna aliyempiga Carmela wala kumtisha. Alipewa nyama tu.

Watoto nao

Meadow alikuwa na akili ya kutosha kuuliza swali lile garini. Alitaka kuwa daktari wa watoto. Mwishoni anachagua sheria, na anamweleza baba yake sababu: aliona jinsi serikali ilivyomdhalilisha yeye baba. Yule binti msomi kafika mahali ambapo baba ndiye mwenye kudhulumiwa.

A.J. ni mlegevu, na watazamaji wengi humcheka. Lakini yeye ndiye aliyerithi ule ugonjwa. Mwaka 2007 anajifunga mfuko kichwani, anajifunga na tofali, anajitupa katika bwawa la nyumbani, bwawa lile lile la bata. Tony anaruka na nguo zake, anamvuta, anamkumbatia mtoto mkubwa yule kama kichanga. Ni tukio la mapenzi ya kweli, hakuna anayeweza kulikana. Halafu kijana anapotaka kuingia jeshini, wazazi wanamtuliza kwa kazi ya filamu na gari la BMW. Dawa ya nyumba ile ni moja tu.

Christopher, mwana wa kupanga, hakupata hata hilo. Gari lao linapinduka, amejeruhiwa, ametumia dawa za kulevya, na Tony badala ya kumaliza kupiga simu anambana pua mpaka anakufa. Mla nawe hafi nawe, wahenga walisema. Huyu alikula nao, na wakamuua wao wenyewe.

Kisingizio cha jadi

Jambo moja linatuhusu sana sisi tulio mbali na kwetu. Watu hawa kila wakibanwa husema ni mila zao, ni heshima, ni asili ya Kitaliani. Lakini mwaka 2000 mchezo uliwapeleka Naples, na ikawa aibu. Tony anahitaji mkalimani. Paulie, anayejiona Mtaliani kuliko papa, analetewa tambi zenye wino wa ngisi, anaziona kinyaa, anaomba sosi ya nyanya kama ya kwao New Jersey. Wenyeji wanamtukana mbele yake kwa Kitaliani na yeye haelewi. Lugha imebaki vipande tu: capicola, ile nyama ya nguruwe, imekuwa "gabagool", na comare, neno la heshima la mama wa ubatizo, limekuwa "goomah," maana yake hawara. Angalieni neno lilipoanguka.

Wataliani wengine wa Marekani walichukia kuonyeshwa hivi, na wana haki. Mwaka 2002 meya wa New York, Michael Bloomberg, alialika waigizaji wawili waandamane naye katika gwaride la Columbus, na waandaaji walikwenda mahakamani kuwazuia. Lakini kwa haki ya mchezo, ni wenyewe uliosema kwamba jadi hiyo ni kisingizio. Babu yake Tony alikuwa mwashi, na katika sehemu ya kwanza Tony anamwonyesha Meadow kanisa ambalo babu alisaidia kulijenga. Kwa hiyo ukoo ulikuwa na njia nyingine, na ilikuwa ya halali.

Daktari na sisi

Anabaki Melfi. Mwaka 2001 alibakwa, na mbakaji akaachiwa kwa kosa la polisi. Neno moja tu kwa Tony lingetosha, na yule mtu asingeonekana tena. Tony anamuuliza kama ana la kusema. Anajibu hapana. Kwangu mie hilo ndilo tukio la ushujaa mkubwa kuliko yote katika sehemu 86: mtu mwenye njaa amewekewa nyama mbele yake, na amekataa.

Hata hivyo aliendelea kumtibu miaka mingine sita, mpaka wenzake walipomsomesha utafiti wa Yochelson na Samenow, kwamba mhalifu wa namna ile mazungumzo ya daktari humzidishia ufundi wa kudanganya. Ndipo akamfungia mlango. Na sisi watazamaji tunajihisi tumeguswa, kwa sababu nasi tulikaa miaka minane tukimsikiliza, tukimhurumia, tukicheka naye. Anayesema mchezo unamsifu jambazi atazame tena mlango ule unavyofungwa.

Na mwisho wake? Tony, Carmela na A.J. wamekaa mkahawani Holsten's, Bloomfield, wanakula vitunguu vya kukaanga. Meadow yuko nje anahangaika kuegesha gari. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na picha inakatika, giza tupu. Watu wengi siku ile walidhani televisheni zao zimeharibika. Mpaka leo wanabishana kama alipigwa risasi au hakupigwa. Mie sibishani. Naona tu kwamba mara ya mwisho tunayowaona, wako mezani, wanakula.

Swali langu kwenu, hasa wenye elimu ya dini na ya mila: mtoto aliyelishwa kwa chumo la haramu akiwa hajui, halafu akakua akajua, anatokaje? Krakower alisema aondoke. Je, wazee wetu wangesemaje?